Nafasi Yangu Katika Mstari wa Kuingia

Nimekufa sana katika mji huu wa Birmingham. Sidhani kama kati ya Erdington na Balsall Heath yupo mtu mwingine aliyekufa mara nyingi kama mimi akabaki na hamu ya kula. Nimepigwa risasi, nimechomwa kisu, nimezama mferejini kwenye maji ya baridi ya kugandisha hata mawazo. Mara moja nilikuwa nimeshakufa kabla filamu haijaanza, nimelala chini ya shuka muda wote, vidole vya miguu tu vikionekana. Vidole hivyo viliigiza vizuri sana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya uigizaji: wakitafuta Mwafrika wa kufa, wananipigia simu. Mwenye bucha wa barabara kuu ya Erdington akiniona naingia hurudi nyuma hatua moja, kisha hucheka na kuniuliza, "Leo umefufuka?" Nami humjibu kwamba nimefufuka kwa ajili ya mbavu za mbuzi, nikishazila nitarudi kaburini.

Lakini kabla ya kufa kote huko nilikuwa mcheza dansi, na baada ya kufa nikawa mwimbaji, na katikati ya hayo yote, bila mtu kunitangaza popote, nikawa mwalimu wa kuingiza maharusi. Kazi hiyo ya kujificha ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye harusi ya mdogo wangu wa kike nikiwa nimebeba sinia la sambusa.

Sisi Wakongo hatuingii harusini kwa miguu ya kawaida. Wageni wanakaa ukumbini, milango inafungwa, muziki unaanza, kisha wasimamizi wa maharusi, wasichana na vijana waliovaa sare, wanaingia wakicheza kwa mistari miwili. Hatua mbele, nusu hatua nyuma, bega, kiuno, hatua mbele tena. Kutoka mlangoni hadi meza ya maharusi ni umbali wa kuvuka kwa pumzi moja, lakini mstari mzuri hutumia muda ambao ndege ingefika Paris. Nyuma yao ndipo wanapokuja bwana na bibi harusi. Na hapo ndipo harusi huhukumiwa. Keki ikianguka watu watasahau. Mstari ukiharibika, siku watoto wa maharusi hao watakapooa, bado kutakuwa na mama mmoja pembeni anayesema, "Siku ya wazazi wao, unakumbuka?"

Kucheza kwa mstari nilifundishwa na baba. Alikuwa kiongozi wa kwaya tangu tukiwa kambini Tanzania, tulipokimbilia kutoka Kongo, na tulipoletwa huku aliendelea na kazi hiyo katika kanisa letu la Aston kana kwamba alishuka tu kutoka chumba kimoja akaingia kingine. Mama alikuwa ameshafariki kambini. Tulifika watatu: baba, mimi niliyekuwa kijana mwembamba kama waya wa redio, na mdogo wangu mgongoni kwangu. Nilimbeba hadi akaanza kunilalamikia kwamba magoti yake yanaburuta chini.

Baba hakupiga kelele kwaya ilipokosea. Alitumia mikono. Mtu akiugua au akizimia kwa kufunga, pengo likabaki kwenye safu, baba alinyanyua viganja vyake viwili kifuani na kuvikutanisha polepole, bila sauti. Kwa mapigo manne tulisogea bega kwa bega huku tunaimba, na pengo halipo. "Kwaya haiko kinywa ya muzee," alituambia. Hakutaka meno yanayokosekana.

Nilikuwa mcheza dansi wake bora, na hapa sitii chumvi. Mama wa kanisa walikuwa wakipiga vigelegele nikipita. Walisema kiuno changu kimetoka kwa Roho Mtakatifu. Miaka michache baadaye kiuno hichohicho kikawa ushahidi. Mtu mmoja aliniona mjini, kwenye mtaa wenye baa za watu kama mimi, nimeshikana mkono na mwanamume, akaenda kumwambia baba. Wazee wa kanisa wakaja nyumbani, wakajaa sebuleni, mimi nikakalishwa kiti cha katikati.

"Ni kweli ile banasema?" baba aliniuliza.

Mimi ambaye baadaye ningelipwa kudanganya mbele ya kamera, siku ile sikuweza hata kujaribu. "Ni kweli, papa."

Hakuna aliyenipiga. Baba alisimama, akachukua koti, akasema amechelewa mazoezi ya kwaya. Mlangoni akageuka. "Nikirudi nisikukute." Mdogo wangu, bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuwa amekaa kwenye ngazi na sare yake ya shule, anatafuna kamba ya kofia ya sweta. Nikatoka na begi moja. Jumapili iliyofuata, niliambiwa, kwaya ilisimama bila pengo.

Nilihamia chumba kimoja Erdington, chumba ambacho ukipiga chafya unalowesha kuta zote nne. Mchana nilifunga maboksi ghalani, jioni nilikwenda shule ya watu wazima kusoma Kiingereza. Naipenda shule ile kuliko vyuo vikuu vyote ambavyo sikuvisoma. Tulikuwa darasa la watu waliochoka: wapishi, wauguzi wa wazee, dereva mmoja aliyelala macho wazi. Mwalimu alitusomesha tamthilia kwa sauti ili ndimi zilegee, na siku moja nilisoma sehemu ya mfalme anayekufa. Nikafa kwa nguvu sana, nikaangusha meza. Dereva akaamka. Mwalimu akasema, "Wewe unapaswa kuwa jukwaani." Cheti changu cha shule ile kimetundikwa ukutani hadi leo, juu ya redieta, kimejikunja kwa joto kama sambusa.

Basi nikaingia kwenye kikundi cha dansi. Tulizunguka kwenye mashule na sherehe za mitaa, mpaka mzazi mmoja alipouliza mimi ni mtu wa namna gani, na kiongozi wa kikundi akaniambia kwa upole mkubwa kwamba nipumzike kidogo. Bado napumzika. Nikaenda kwenye uigizaji, nikafa kama nilivyosema. Nikaishia kwenye muziki: kila Ijumaa naimba kwenye baa moja mjini, nimevaa gauni refu la rangi ya dhahabu lililoshonwa kwa pazia la hoteli iliyofungwa, ninalolivalia katika chumba cha kubadilishia nguo ambacho zamani kilikuwa kabati la mifagio. Huko wananipigia makofi mpaka glasi zinatetemeka. Kuna wakati nilisahau kufuta wanja baada ya onyesho, vijana wakanifuata mpaka kituo cha basi, wakanivunja taya. Nilikunywa chakula kwa mrija kwa muda mrefu. Watu waliponiuliza kwa nini nimekonda, nilisema ninajiandaa kuigiza mtu mwembamba anayekufa.

Baada ya taya kupona ndipo mama wa kwanza alipopiga simu. Alikuwa mmoja wa wale wapiga vigelegele. Binti yake anaolewa, wasimamizi wanacheza kama wanakanyaga mende, na hakuna mwingine anayejua.

"Tusaidie, mwanangu," alisema. "Utatufundishia batoto. Lakini unajua tu vile iko. Siku yenyewe usikuje."

"Najua, mama."

Nikafundisha. Mstari ukaingia kama maji. Akapiga mama mwingine, na mwingine. Miaka ikapita, nikawa nimeingiza nusu ya ndoa za Wakongo wa mji huu, na nusu nyingine ndizo zilizoharibika. Wote walijua ni mkono wa nani. Baba pia alijua, maana mtu aliyefundisha hatua hushindwa kutozitambua. Hakuna aliyesema. Mimi nilifanya mazoezi nao kwenye ukumbi wa jumuiya kila Jumamosi mchana, na siku ya harusi nilikuwa nyumbani Erdington na mwenzangu, fundi wa reli, mzaliwa wa huku, mtu anayetumia maneno kana kwamba yanakatwa kodi. Alizoea kunipikia mayai siku hizo.

Namna yangu ya kufundisha ni hii, na ishikeni, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Sisimami mbele. Ukisimama mbele, watu wanakuangalia wewe na kusahau jirani yao. Mimi nasimama ndani ya mstari, mstari wa kulia, nafasi ya tatu kutoka mbele, na kila mtu anajifunza kwa bega: wa mbele anasikia kishindo changu nyuma yake, wa nyuma anafuata mgongo wangu. Mazoezi ya mwisho ndipo ninapojiondoa. Natoka, nakwenda ukutani, nakutanisha viganja vyangu viwili kifuani, na wao kwa mapigo manne wanafunga pengo. Ndiyo, ishara ya baba. Sikuwa na nyingine. Tunarudia kujifunga mpaka inakuwa kana kwamba sikuwahi kusimama pale, kisha nawaaga.

Mdogo wangu alipochumbiwa, alikuja Erdington mwenyewe. Tulikuwa tukionana kwa siri miaka yote, lakini kwangu alikuwa hajawahi kufika. Alikula mayai ya mwenzangu, akalia kidogo, akacheka.

"Yaya," aliniambia, kama sisi Wakongo tunavyomwita kaka mkubwa, "utanifundishia mstari. Na utaingia nao. Kabisa, siku yenyewe, na suti."

"Na papa?"

"Papa nitamwambia mimi. Nime-plan vizuri. Mimi ndiye naolewa."

Alizaliwa kambini lakini amekulia hapa, Kiswahili anakielewa chote na kukijibu nusu. Siku ile alijikaza akakisema chote. Nilimwamini. Nani asingemwamini mtu aliyembeba mgongoni?

Nilinunua suti ya buluu ya kuwafanya malaika wapofuke. Nikafundisha mstari ule kwa namna ambayo sijawahi kufundisha mwingine. Nikaimba hata wimbo wa kuingilia: rafiki mmoja mpiga gitaa alinirekodi jikoni kwake, sauti yangu tupu, gitaa na ngoma moja. Na yalipofika mazoezi ya mwisho, kwa mara ya kwanza sikujiondoa. Kwa nini nijiondoe? Niliwafundisha kufunga pengo siku za mwanzo, kwa ajili ya yeyote atakayezimia, lakini mazoezi yale ya mwisho tulicheza nikiwa ndani, nafasi ya tatu, hadi mwisho. Msichana aliyekuwa nyuma yangu alisema, "Coach, leo hutoki?" Nikamwambia leo sitoki.

Alhamisi kabla ya harusi mdogo wangu alirudi. Hakukaa.

"Amekataa, yaya. Nime-try kila kitu. Anasema ukiingia wewe, yeye anatoka. Hatanipeleka hata kanisani." Alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba. "Sina mama. Nikimkosa na yeye nitatembea na nani?"

Ningeweza kumwambia utembee na mimi. Niliona usoni kwake kwamba analisubiri neno hilo na analiogopa. Sikulisema. Nikasema, "Basi nitakaa nyumbani. Nimeshazoea, mayai yapo."

"Hapana. Sikiliza." Akanishika mikono. "Wahudumu wa chakula wanatoka nje, si wa kanisa. Mashati meupe, aproni nyeusi. Watu wote hawaangalii wahudumu. Wewe ni actor, yaya. Si uigize tu? Ili mimi nijue uko ndani."

Hilo ndilo jukumu pekee nililowahi kupewa ambamo nisingekufa.

Aliyechukua tenda ya pilau, mbuzi na sambusa alikuwa mama mmoja Msomali aliyekulia Nairobi, mwenye jiko Balsall Heath. Sombe, yaani kisamvu, na samaki mama wa kanisa walipika wenyewe, maana hayo hawamkabidhi mgeni. Mama huyu alinijua kwa sababu ghala nililofanyia kazi lilimletea mchele. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anakunja sambusa, vidole havisimami.

"Kwani baba yako ni rais?" aliuliza. "Hadi mtu aingie kwa harusi ya dadake kwa mlango wa jikoni?"

"Ni kiongozi wa kwaya, mama."

"Hao ndio wabaya." Akanirushia aproni. "Haya. Lakini skiza, wewe mrefu. Hapa kwangu hakuna staa. Ukimwaga supu kwa mgeni, walahi utailamba."

Asubuhi ya harusi mwenzangu alinipigia pasi lile shati jeupe. Aliipiga mara mbili kola. Kisha akaitoa suti ya buluu kwenye mlango wa kabati, akaitundika ndani, akafunga.

Ukumbi ulikuwa Aston, karibu na uwanja wa mpira, na ilikuwa siku ya mechi. Wageni walifika wamechelewa, wametukana magari yote, na kila mara ukuta ulinguruma kwa kelele za mashabiki kana kwamba nje kuna ng'ombe elfu kumi. Niliingia kupitia jikoni na sinia langu. Nikatembea kati ya meza. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi si mwigizaji kitu.

Walinitambua. Ukumbi mzima. Mama niliyemfundishia binti yake wa kwanza alichukua sambusa mbili kutoka mkononi kwangu, akasema "merci" akiangalia taa za darini. Mzee mmoja wa wale waliokaa sebuleni kwetu siku ile aliniomba kitambaa cha karatasi kwa Kiingereza, Kiingereza cha shida, mtu ambaye tulikula naye ugali wa kambini kutoka sahani moja. Vijana niliowaingiza kwenye ndoa zao walivuta watoto wao karibu nilipopita. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenong'ona. Watu mia tatu waliigiza kwa pamoja bila mazoezi, bila mwongozaji, na hakuna hata mmoja aliyesahau sehemu yake. Mimi ningewapa tuzo.

Baba alikuwa meza ya wazazi, amerudi kutoka kanisani, ameshampeleka mdogo wangu mbele ya mchungaji. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu begi lile. Nilipanga kuipita meza yake, lakini mama wa Kisomali, ambaye pengine alifanya makusudi, alinisukuma mgongoni na birika. "Meza ya wazee haina maji. Enda."

Nikaenda. Baba hanywi maji ya baridi. Tangu kambini anakunywa ya moto, kwenye kikombe si glasi, kwa sababu ya kifua. Nikamimina ya moto kwenye kikombe bila kuuliza. Hapo nilikosea, maana mhudumu wa kweli angeuliza. Baba aliangalia kikombe. Aliangalia mkono wangu, wenye kovu la chungu kilichoniunguza nikimpikia mdogo wangu uji. Hakupandisha macho zaidi ya hapo.

"Asante, kijana," alisema.

"Karibu, mzee."

Nimesimama mbele ya kamera nyingi. Sijawahi kupewa maneno mafupi hivyo yakanishinda kuyabeba. Nilirudi ukutani, nikachukua tena sinia langu.

Taa zikapunguzwa. Mshereheshaji akaita mlango ufunguliwe. Na wimbo ukaanza, sauti yangu, ile ya jikoni, ikatoka kwenye maspika makubwa kuliko friji. Wageni wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja wa wazee akamwuliza jirani yake, "Nani anaimba hii?" Jirani akasema ni mtu wa Kinshasa. Nikaona kidole cha baba kinagonga meza. Kinagonga sawasawa, pigo kwa pigo, kama alivyokuwa akitupigia kwaya.

Mistari miwili ikaingia. Sare za kijani, viatu vya fedha. Hatua mbele, nusu nyuma, bega, kiuno. Nilijivuna, siwezi kukataa, nilivimba mpaka aproni ikabana. Kisha nikaona.

Mstari wa kulia, nafasi ya tatu kutoka mbele, hapakuwa na mtu.

Hakuna aliyekuwa amepanga. Mdogo wangu aliniapia baadaye kwamba hakuwaambia kitu, na msichana wa nne naye aliniambia hivyohivyo: alingoja mgongo uanze, mgongo haukuwepo, akaanza mwenyewe, akaacha nafasi kwa sababu ndivyo miguu yake ilivyojua. Walikuwa wamejifunza kwa bega, na bega langu lilikuwa sehemu ya hatua zao. Wakaingia na pengo la ukubwa wa mtu mmoja mrefu, wakalileta polepole katikati ya ukumbi kama watu wanaobeba kitu cha kuvunjika. Pengo lilicheza vizuri. Lilisogea mbele, likarudi nusu, likageuka pamoja na wenzake.

Sasa waigizaji wangu mia tatu wakaanza kusahau sehemu zao. Nilisikia mnong'ono ukitembea kutoka meza hadi meza. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Wakaanza kunitazama, mmoja mmoja, kisha wengi, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Mshereheshaji akajaribu mzaha: "Huyo mwingine amekwama kwenye foleni ya mpira?" Hakuna aliyecheka. Nikaliweka sinia chini. Kati yangu na nafasi ile zilikuwa hatua chache na meza moja. Muziki ulikuwa wangu, hatua zilikuwa zangu. Msichana wa nne aliniona, akaniangalia kwa macho ya kuita, na nikaanza kufungua kamba ya aproni.

Kidole cha baba kikasimama. Akainuka, taratibu, akishika meza. Ukumbi ukamgeukia yeye. Mpaka leo najiuliza kama aliniona nikifungua aproni, na nadhani aliniona. Alinyanyua viganja vyake viwili mpaka kifuani, akavikutanisha.

Mstari ule ulikuwa umefundishwa na mimi. Waliijua ishara, hawakujua kwamba ni ya mwingine. Moja, mbili, tatu, nne: wa nne akasogea, wa tano akasogea, mabega yakagusana, na mstari ukapita mbele ya meza ya wazazi umejaa, mzima, mzuri kupita mistari yote niliyowahi kuifundisha. Hakuna mguu uliokosea. Watu wakapumua. Mama mmoja akaanza kigelegele na wengine wakamwitikia. Baba akakaa, akanywa maji yake ya moto.

Mdogo wangu aliingia nyuma yao, amemshika mumewe mkono, na nikaona macho yake yakitafuta kwenye mstari, yasipate, kisha yakatafuta kuta. Kuta zilikuwa na wahudumu wenye mashati meupe, wote sawa. Nilinyanyua sinia juu kidogo ili anione. Aliniona. Alicheza mpaka mezani bila kukosea, kwa sababu na yeye nilimfundisha, na machozi yalimtoka njia nzima, na wageni wakasema ni furaha.

Niliondoa sahani mpaka mwisho. Kikombe cha baba nilikikuta kitupu. Mama wa Kisomali alinifungia pilau kwenye foili, akanipiga begani bila mzaha wowote, akasema, "Enda nyumbani, mwanangu." Mwenzangu alikuwa ananingoja kwenye gari, amezungukwa na mashabiki waliofungwa wanaorudi vichwa chini. Nikakaa. Akauliza mara moja tu, "Je?" Nikasema mstari ulikuwa safi kabisa.

Mama bado wananipigia. Wiki iliyopita nimeanza na mstari mpya, harusi ya masika, wasichana wacheshi, kijana mmoja ana miguu miwili ya kushoto na kiherehere cha kulia. Sisimami tena ndani. Nasimama ukutani na kuonyesha kwa mikono na kwa mdomo, na wanajifunza polepole, wanakanyagana, wananiangalia mimi badala ya kuangaliana. Mstari hautakuwa mzuri kama ule. Msichana wa mbele alichoka, akaniita.

"Coach, si uingie hapa kati utuonyeshe?"

"Goti," nilimwambia, nikalishika na kukunja uso, na maumivu nikayaweka hadi kwenye nyusi. Goti langu ni zima kama la mbuzi. Aliniamini, akanihurumia, akaniletea kiti.